Viwavi washa kwenye mgunga: usiwachome moto

Mkuu, umeuliza kama petroli na kiberiti vitamaliza viwavi waliojaa kwenye mgunga wa uani hapo Nkuhungu, maana watoto wanawashwa. Viwavi watakufa, mwasho utabaki, pengine utazidi. Kinachowasha ni manyoya, nayo huwasha hata kiwavi akiwa ameshakauka. Moto unayarusha juu pamoja na moshi, na kwa upepo huu wa Dodoma jirani naye ataanza kujikuna.

Unyoya ukiuangalia kwa lenzi una vimiba vimeelekea upande mmoja, kama suke la nyasi linalopanda lenyewe kwenye mkono wa shati. Ukijikuna, unyoya unazama zaidi na kukatikia ndani. Magamba waliyovua na vifukofuko vikavu bado vina manyoya hayo, ndiyo maana mtu huwashwa miezi kadhaa baada ya viwavi kutoweka, akalaumu sabuni.

Aliyeguswa asisugue. Bandika selotepu kwenye ngozi, ibandue, tupa, chukua kipande kipya, mara tano au sita. Kisha maji ya kutiririka na sabuni, bila dodoki. Kitambaa cha maji baridi kinatuliza. Mtu mzima anaweza kumeza setirizini, dawa ya mzio (aleji), mg 10 mara moja kwa siku. Mtoto aulizwe dozi yake duka la dawa. Mafuta ya taa na majivu achaneni navyo, vinachubua tu.

Jicho lisichezewe. Limwagie maji safi dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo hata likitulia, kwani unyoya unaweza kupenya hadi ndani. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, habari za selotepu ziache, kimbia hospitali.

Kuwaondoa, nenda alfajiri kabla upepo haujaamka. Mikono mirefu, glavu za mpira, miwani ya kuziba pembeni, barakoa, kitambaa shingoni. Tia vijiko viwili vya sabuni ya maji kwenye lita 10, upulize kwa bomba la mgongoni likitoa ukungu. Mkondo mkali unatawanya manyoya. Wakwangue wangali wamelowa, tia kwenye mfuko, fukia shimo la nusu mita. Chini ya mti usifagie pakavu, nyunyiza kwanza.

Nguo ulizofanyia kazi zifuliwe peke yake kwa maji ya moto. Na kamba ya kuanikia ihame kutoka chini ya huo mgunga leo hii, hasa kama kuna nepi.