Mbona jina la babu aliyeuawa Mahiwa halimo popote?

SWALI: Ndugu Mhariri, nyumbani kwetu karibu na Nyangao tumekua tukiambiwa kwamba baba yake babu alikuwa askari na kwamba aliuawa Mahiwa katika vita vya Mjerumani na Mwingereza. Hitima yake ilisomwa bila kaburi. Nilipofika Dar es Salaam niliizunguka Sanamu ya Askari nikilitafuta jina lake, wala sikuona jina la askari yeyote. Yaliandikwa wapi? – Msomaji, Lindi.

JIBU: Ndugu msomaji, macho yako hayakukosea, kwani sanamu hiyo ilisimamishwa mwaka 1927 bila majina, na kwa makusudi.

Mapigano ya Mahiwa yalianza tarehe 15 Oktoba 1917, yakaendelea kwa siku nne. Upande wa Mwingereza, wenye watu karibu 5,000, wengi wao wakiwa askari wa Keya (jeshi la Mwingereza la askari wa Kiafrika, King's African Rifles) na wa Nigeria, ulipoteza zaidi ya nusu yao kwa kuuawa na kujeruhiwa. Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Mjerumani, aliyekuwa na watu wapatao 1,500, alipoteza kama theluthi moja, na kwa kuwa hakuwa na pa kupata wengine, mwezi uliofuata alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

Vita vilipokwisha, tume ya Uingereza ya makaburi ya vita iliamua kwamba afisa wa Kizungu apate jiwe lenye jina lake, ilhali askari wa Kiafrika na wapagazi wakumbukwe kwa jumla, kwa sanamu. Gavana mmoja wa Afrika Magharibi alidai hata kwamba mwenyeji wa kawaida asingeelewa wala kuthamini jiwe la kaburi. Laiti angehudhuria hitima yenu. Mwaka 2021 tume hiyo yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, ikaomba radhi.

Hata hivyo, barua yako haisemi alipigana upande gani, na tume hiyo haikuwahusu askari wa Mjerumani, ambao nao walitoka katika vijiji vyetu hivi hivi. Tena, uniwie radhi, ziko familia ambazo kwa miaka mingi zimempandisha cheo mpagazi zikamwita askari, ingawa wapagazi ndio waliokufa kwa wingi zaidi, kwa njaa na maradhi. Kwa hiyo waulize kwanza wazee wenu alimfuata nani, na kama mabegani alibeba bunduki au mzigo.