Usiwakataze watoto kubisha mlango

Dada, umeniuliza ukitafakari ukalie mto gani, na kama ni alfajiri au usiku; hayo ngoja kwanza. Mimi nimekwama pale uliposema ukiketi kutafakari unapiga komeo, watoto hawaruhusiwi kubisha, na mama mkwe akiita humwitikii kwa sababu umefundishwa kwamba "sauti ni sauti tu". Komeo hilo litoe leo.

Nami nilifundishwa hivyo hivyo. Mwalimu wangu, aliyetutoza ada kila mwezi huko Nyali, aliyachukua maneno ya Buddha kwa Bahiya, mtu aliyemwendea kutaka mafundisho, kwamba katika kuona kuwe na kuona tu na katika kusikia kuwe na kusikia tu, akayafanya pamba ya masikio. Chochote kikija, kipe jina, kiache kipite. Honi ya tuktuk: sauti. Adhana: sauti. Nikaona nimefika.

Jioni moja nimeketi chumbani ghorofani, nyumbani Majengo. Chini nikasikia, "Mwanangu." Nikasema moyoni: sauti. Ikaja tena, hafifu zaidi. Sauti. Mara ya tatu hakuita. Ilikuwa ndoo ya plastiki ikigongwa sakafuni, polepole, ko, ko. Nikaendelea kuhesabu pumzi mpaka simu ilipolia kuwa dakika 40 zimetimia. Nilimkuta mama bafuni amelala ubavu, leso imelowa chapachapa, vidole vimeng'ang'ania mkono wa ndoo. Nyonga imevunjika. Akaniuliza, "Ulikuwa umelala?" Nikamjibu ndiyo. Mpaka leo anaamini hivyo.

Nilipomweleza mwalimu, aliniambia majuto nayo ni wazo tu, niyaache yapite. Hasira niliyopata siku ile ninayo bado. Mtu anakula pesa za watu na kisa chenyewe hajakisoma! Bahiya alikuwa mtu aliyekwisha kuyaacha maisha ya kidunia. Alitoka Supparaka, pwani ya India, ng'ambo ya bahari hii hii yetu, akamkuta Buddha njiani akipokea chakula cha sadaka, akamsihi mara tatu amfundishe. Hakuacha mzazi bafuni. Na maneno yale yanakata hadithi tunazoziongeza sisi: huyu ananidharau, huyu ananisumbua makusudi. Kusikia tu ni kusikia kilichopo. Mimi sikusikia kitu. Nilimbandika mama jina la "sauti" kabla mwito wake haujanifikia.

Hata sati, neno la Kipali, lugha ya maandiko ya Kibuddha, tunalolifasiri kuwa uzingativu, asili yake ni kukumbuka. Tena huandamana na sampajanya, yaani kujua unafanya nini na kwa nini. Ningekuwa nayo hiyo ya pili, ningekumbuka kwamba mimi ni mtoto wa mtu na nyumbani tuko wawili tu.

Kuna kisa katika Vinaya, sheria za watawa. Buddha alimkuta mtawa anaumwa tumbo, amelala katika uchafu wake, wenzake wamemtupa. Hakumwambia autazame uchungu upite. Yeye na Ananda, mtawa aliyekuwa akimhudumia, walileta maji, wakamwosha, wakamlaza kitandani. Kisha akawaambia wale wengine: anayetaka kunihudumia mimi, amhudumie mgonjwa.

Kwa hiyo azima bisibisi, komeo ling'oe kabla ya magharibi. Mama mkwe akiita, "abee" kwanza, pumzi utazikuta. Mimi siku hizi naketi mlango wazi, nimeelekea ngazi, na mama akianza tu kuita, naam yangu iko nusu ya ngazi.