Vavu Nane au Kumi na Sita? Nilichojifunza Barabara ya Gongoni

Miaka mingi nilibeba nazi kutoka mashamba ya Gongoni hadi sokoni Malindi kwa pikapu ya ami yangu, Peugeot 504. Kwenye mchanga unaiacha taratibu na gia ya tatu, inanguruma, inavuta. Nilipojinunulia Toyota Probox ya cc 1500 nikaiendesha vile vile, ikaanza kutetemeka na kukosa nguvu. Nilibadilisha plagi, nikasafisha tangi. Pesa zilipotea bure.

Fundi mmoja hapa mjini ndiye aliyenifumbua macho. Peugeot ile ina vavu nane, yaani vilango vinavyoingiza hewa kwenye silinda na kutoa moshi, na kamshafti yake, mhimili unaozunguka kuvifungua, iko chini kwenye bloku, mwili wa injini: inasukuma fito, fito zinasukuma roka, vijiti vya kubonyea, na roka ndizo zinazofungua vavu. Mlolongo huo ni mzito. Injini ikizunguka kasi sana, springi haziwahi kuzirudisha vavu. Lakini mwendo wa polepole ndio kwao, na ami alikuwa akirekebisha tapeti (ile nafasi ndogo kati ya roka na vavu) mwenyewe chini ya mwembe.

Probox ina kamshafti mbili juu kwenye hedi, kichwa cha injini, na kila silinda kati ya zake nne ina vavu nne, jumla kumi na sita. Vavu mbili ndogo za kuingiza hewa hufungua nafasi kubwa kuliko moja pana, tena ni nyepesi, na plagi inakaa katikati, moto ukasambaa sawasawa. (Peugeot hao hao walifunga mpangilio huu kwenye gari la mashindano mwaka 1912, na 1913 Jules Goux akashinda nalo Indianapolis 500.) Ila njia zikiwa pana, mzunguko ukiwa mdogo hewa huingia kwa uvivu. VVT-i, mfumo wa Toyota, husaidia kwa kubadili wakati wa vavu kufunguka, lakini nguvu kamili ya injini hii hutoka karibu na mizunguko 6,000 kwa dakika.

Basi ukiwa na vavu kumi na sita, shusha gia mapema, kabla injini haijaanza kuguna. Usiogope sauti yake ikipanda. Na oili usiicheleweshe hata kidogo: VVT-i inaendeshwa kwa msukumo wa oili hiyo hiyo, kupitia vijitundu vyembamba vinavyoziba upesi.

Kwa safari ya Mombasa, kilomita 120 hivi za lami, nachagua Probox bila kusita. Kwa mizigo ya shambani kila siku, ningetafuta injini kubwa ya vavu nane. Mimi nimebaki na Probox, na nikiuona mchanga wa Gongoni, gia ya pili huwa imeshaingia.