Kuhusu nyumba ya kwanza: angalieni soketi

Wiki hii mmeuliza hivi, mtu wa kipato cha kawaida hapa Dar anayetaka nyumba yake ya kwanza sehemu tulivu, anunue iliyokwisha au achukue kiwanja ajenge taratibu? Jibu langu ni ajenge, na kijiweni kwetu wote wananijua kwa hilo. Ila neno "tulivu" ndo limenikalisha chini kuandika, maana nusura liniponze.

Ilikuwa mwezi wa nane 2019, kipindi kile Dar ina kaupepo na tope huoni popote. Dalali akanipigia, kaka kuna nyumba upande wa Tabata, vyumba viwili, sebule, choo ndani, milioni 38, mwenyewe ana shida anauza haraka. Milioni 38 Tabata! Jumapili tukaenda na mama watoto. Bajaji ikatuacha juu, tukashuka kwa mguu, na tulishuka kwelikweli, wala sikulitilia maanani. Kufika, kimya. Hamna baa, hamna spika ya mhubiri, kuna mwarobaini mmoja tu getini, na dalali ananiambia mzee hapa hata kunguru wanaongea kwa adabu. Mi nimekulia Manzese, maisha yangu yote nimelala na muziki wa mtu mwingine, kile kimya kikanilewesha kabisa nikaanza kupanga kiti changu kitakaa wapi barazani.

Mke wangu alikuwa haongei, anazunguka anatafuta pa kuchaji simu. Mara akaniita chumbani, "baba Neema, hebu njoo uone hii soketi." Ilikuwa usawa wa kifua chake. Sebuleni, kifuani. Chumba cha pili hivyohivyo. Chini karibu na sakafu kulikuwa na viraka vya plasta, vya mraba, saizi ya soketi, vimepakwa rangi lakini ukipitisha kidole unavisikia. Na rangi yenyewe, kutoka chini mpaka kiunoni mpya, kuanzia hapo kwenda juu ni krimu ileile ila imechoka. Dalali akasema mafundi wa zamani walikuwa wanaziweka juu watoto wasichezee. Na viraka je? Akapokea simu ambayo mi sikuisikia ikiita.

Nje kuna mama mtu mzima anaanika dagaa. Mke wangu hakumuuliza kama kuna mafuriko, maana ukiuliza hivyo mbele ya dalali utaambiwa hamna. Akamwamkia, wakaongea bei ya dagaa weee, afu akasema, "mama, masika huwa mnalala wapi?" Yule mama akajibu bila hata kuinua kichwa, kwa mwanangu Kinyerezi, narudi mwezi wa sita. Kumbe ule utulivu ni majirani kuhama! Wengine walishaondoka tangu Desemba 2011, yale mafuriko ambayo baadaye watu wa mabondeni wakapelekwa Mabwepande. Mto Msimbazi uko nyuma ya ukuta pale, mi nilidhani mtaro. Na karatasi ya muuzaji ilikuwa mkataba wa mauziano wenye muhuri wa serikali ya mtaa basi, leseni ya makazi, ile karatasi ya serikali ya kukutambua kwenye eneo lisilopimwa, hana, wakati wenzake wa kule juu wanazo. Hata hilo lilitakiwa linishtue, ila nilikuwa nishakaa kwenye kile kiti.

Basi tukanunua kiwanja Chanika, kimepimwa, mita za mraba 400, na kuanzia hapo nikawa muhubiri wa kujenga. Sasa niwaambie ukweli ambao kijiweni sisemi. Tangu 2020 kilichopo kule ni msingi. Jirani ameniomba apande mchicha ndani yake nimekubali. Na huku mjini kodi laki mbili na nusu kwa mwezi, inalipwa miezi sita mbele, kwa mwaka ni milioni tatu, yani mwenye nyumba wangu nishamjengea boma zima na bati juu. Kila nikipata cha simenti ada inakuja, nikipata cha nondo kuna msiba.

Kwa hiyo sijui, naandika hapa nabadilika. Nadhani nunueni iliyokwisha jamani, hata ndogo. Mkopo wa benki sijausahau, ila riba niliyotajiwa ilikuwa asilimia 17 na wanataka hati, na nyumba za bei yetu nyingi hati hazina, kwa hiyo hapo tunarudi kwenye kudunduliza. Na isiwe bondeni, isiwe kwenye hifadhi ya barabara, wa Kimara mpaka Kiluvya waliobomolewa 2017 nao walikuwa na nyumba zilizokwisha. Na kama una hela ya kujenga kwa mkupuo mmoja basi jenga, sikuzuii, mi naongelea sisi wa kudunduliza.

Kuna nyumba tumeambiwa iko Yombo, jirani na gereji, dalali kaanza kabisa kwa kutuomba radhi kwa kelele. Mama Neema kasema hizo kelele ndo zimempa moyo, ila kuiangalia hatuendi mpaka mvua inyeshe siku mbili mfululizo.