Ukienda kuoa Kongwa, jiandae kuulizwa baba yako alipanga kwa nani

Mdogo wangu, nimesoma swali lako na majibu ya waliotangulia. Umesema ulipeleka posa Kongwa, huko Dodoma, wazee wakaipokea vizuri, soda zikanywewa, na ulipoulizwa ya kwenu ukataja kwamba baba yako aliwahi kuajiriwa ranchi ya Kongwa kabla ya kuhamishiwa ranchi za Kagera. Tangu siku hiyo kimya. Mshenga wako akipiga simu anajibiwa "bado tunaulizana". Wadau hapo juu wanakwambia wazee wanataka kupandisha mahari, mwingine anasema binti kapata mwenye gari, mwingine anakushauri mkimbilie bomani. Mimi nimezaliwa pale na kukulia pale, baba yangu alikuwa mtu wa josho la kuogeshea ng'ombe, na nakuhakikishia wanachohesabu wale wazee sasa hivi ni miaka, siyo ng'ombe.

Rudi usome ulichoandika mwenyewe. Umesema binti anatumia jina la babu mzaa mama, ukalipita hilo kama vile umetaja rangi ya gauni. Kwetu hilo ndilo neno kubwa kuliko yote kwenye maelezo yako. Binti kutumia jina la babu maana yake ng'ombe hawakutoka. Baba yake ama hakutajwa, ama alitajwa akawa keshapata uhamisho. Halafu anakuja kijana na posa, anasema baba yake alikuwa ranchi, akahama. Ungekuwa wewe ndiye babu, usingesimama kwanza uhakikishe mjukuu wako haolewi na kaka yake?

Watu wa nje wakisikia habari hizi husema Kongwa kuna uhuni. Nakataa. Kongwa ni mji ambao kila baada ya miaka fulani wanaume waliletwa kwa kazi, wakaondolewa kwa amri ya kazi, na wanawake wakabaki na watoto. Anza na Waingereza. Mwaka 1947 walikuja na mradi wa karanga, wakatangaza watalima ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa hapa nchini, na Kongwa ndiyo ikawa mwanzo. Wakaleta matrekta, wakajenga reli, wakaajiri vijana kutoka kila kona ya Tanganyika. Mvua zikagoma, udongo ukikauka unakuwa saruji, mibuyu ikavunja mitambo, na mwaka 1951 mradi ukafungwa. Ardhi iliyofyekwa ndiyo ikaja kuwa malisho, na kutoka hapo tukapata ranchi. Hata reli iling'olewa. Lakini vijana wale hawakuondoka wote, na walioondoka hawakuondoka mikono mitupu wala hawakuacha mikono mitupu.

Mwaka 1964 ikaja kambi ya wapigania uhuru. FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia, ANC ya Afrika Kusini, ZAPU ya Zimbabwe, MPLA ya Angola, wote walikuwa na watu wao pale Kongwa. Vijana wa miaka ishirini na kitu, mbali na kwao, hawajui watarudi lini au kama watarudi. Unategemea nini? Walipenda, wakapendwa, wakazaa. Kisha wakapelekwa kambi nyingine au mstari wa mbele, mara nyingi bila kuaga, maana askari haagi. Mtaani kwetu alikuwepo mama mmoja, mkubwa kwangu kwa umri, ambaye tulijua baba yake ni wa kusini. Namibia ilipopata uhuru mwaka 1990, alianza kusikiliza redio kwa namna ambayo sisi watoto tulikatazwa kumkatiza. Wapo waliokuja kutafutwa na baba zao, wapo ambao hawakutafutwa. Yeye hakutafutwa.

Sasa njoo ranchi yenyewe. Mfanyakazi wa ranchi ni mtu wa uhamisho. Leo Kongwa, kesho West Kilimanjaro, keshokutwa Missenyi. Karani, dereva, bwana mifugo, wengi walikuja peke yao, wake wamebaki kwao na mashamba. Kota hazikutosha, kwa hiyo wengine walipanga mjini, chumba kimoja kwenye nyumba ya mama fulani mwenye mabinti. Ongeza na wanunuzi wa siku za mnada, watu wa kupeleka ng'ombe Pugu, wanaolala usiku mmoja au miwili wakisubiri lori lijae. Tulikua tukiwaona hao wote wakipita, na kila mtoto wa Kongwa alijifunza mapema kwamba swali la kwanza kwa mtu siyo "unaitwa nani" bali "wa kwa nani".

Nikupe la kwangu, uone hofu ya wale wazee inatoka wapi.

Josho lilikuwa ndiyo mahali pa kukutania. Usicheke. Siku ya kuogesha, ng'ombe wanaletwa tangu alfajiri, vumbi linapanda, wanaingizwa mmoja mmoja kwenye njia nyembamba mpaka anafika ukingoni, anasita, anasukumwa, anatumbukia mzima mzima, kichwa kinazama kisha kinaibuka akikoroma, anaogelea mpaka upande wa pili na kusimama akichuruzika. Harufu ya dawa ya kupe ilikaa kwenye sare zetu hata zikifuliwa. Baba alisimama na daftari akiandika idadi, mimi nilipeleka chai kwenye birika, na upande wa pili alikuwepo kijana wa dereva wa ranchi na fimbo yake, akihesabu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Alijua nasikiliza.

Siku moja alinipa hereni ya ng'ombe iliyochomoka, ya plastiki, ya njano, ina namba. Nikaitunga kwenye uzi nikaivaa shingoni, ndani ya sare. Nilikuwa darasa la saba na niliamini hakuna aliyeiona. Bibi aliiona. Tulikuwa tunapepeta uwele nyuma ya nyumba, mimi na yeye tu, akauliza bila kuniangalia, "Hiyo namba ni ya ng'ombe wa nani?" Nikajibu nimeiokota. Akaendelea kupepeta. Alipomaliza ungo akasema, "Yule wa kwa dereva usicheke naye vile. Ni mtoto wa baba yako mdogo."

Hivyo tu. Dereva alikuwa amepelekwa safari ndefu ya kikazi, baba yangu mdogo alikuwa kijana, na mengine unajaza mwenyewe. Watu wazima wote walijua. Dereva alijua. Alimlea kijana wake, akamsomesha, akampa jina lake, na hakuna aliyethubutu kufungua mdomo mbele yake. Wahenga walishasema kitanda hakizai haramu. Msemo huo unamlinda mtoto na unamlinda mwenye kitanda, na mimi nauheshimu sana. Tatizo lake ni kwamba haumlindi msichana wa darasa la saba mwenye hereni ya ng'ombe shingoni. Huyo analindwa na bibi mwenye kumbukumbu.

Hereni niliitupa. Kijana nikaanza kumkwepa, naye akaamini nimeanza maringo kwa sababu nimefaulu. Sikuruhusiwa kumwambia, hiyo siyo kazi ya mtoto. Aliambiwa na wazee miaka mingi baadaye, alipotaka kuoa, usiku, wakiwa wanaume peke yao. Siku hizi ukija msiba kwetu utamkuta kakaa na watoto wa kiume wa ukoo, anapanga masufuria, anapokea rambirambi. Hakuna anayeeleza na hakuna anayeuliza. Mimi ananiita dada, na watoto wangu wanamwita mjomba. Mgeni akiuliza mjomba kwa upande upi, tunamkaribisha chakula.

Kwa hiyo unaposema wazee wale ni wabishi, elewa wanafanya kazi ambayo mabibi wa Kongwa wameifanya kimyakimya kwa vizazi. Na kazi inazidi kuwa ngumu. Zamani msichana akipata mimba shuleni alifukuzwa, lakini angalau aliyempa mimba alitajwa, wazee wakaenda, ikatozwa faini ya ng'ombe, ikajulikana. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Siipingi, ninao mabinti. Na tangu Novemba 2021 msichana anaruhusiwa kurudi shule akishajifungua, jambo ambalo lingewaokoa wengi wa rika langu. Ila matokeo yake mengine nimeyaona nyumbani: familia zinaelewana pembeni, binti anafundishwa kusema "simjui", na jina la baba linapotea kabisa. Mtoto wa namna hiyo akifika umri wa kuchumbiwa, bibi gani atakumbuka kitu ambacho hakuambiwa?

Haya, sasa la kufanya.

Bomani usikimbilie. Kwanza ndoa ya bomani inatangulizwa na notisi ya siku 21, na mtu yeyote mwenye pingamizi anaruhusiwa kulileta. Unadhani Kongwa hawatasikia? Pili, ikija kugundulika mna baba mmoja, ndoa hiyo ni batili kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, hata mkiwa na cheti chenye muhuri na watoto watatu.

Mpigie baba yako. Usimuulize kama aliacha mtoto Kongwa, atakujibu hapana kabla hujamaliza sentensi, awe aliacha au hakuacha. Muulize alihamia lini, akahamishwa lini, alikaa kota au alipanga, na kama alipanga, kwa nani. Mengine yatajitokeza yenyewe. Akikata simu, hilo nalo ni jibu, lakini usilitafsiri peke yako, mtafute baba yako mkubwa au shangazi aliyekuwa anamwandikia barua enzi hizo.

Mshenga mpe pumziko. Hii siyo habari ya wanaume kwa sasa. Mtume shangazi yako mtu mzima, aende na kanga na kilo za sukari, aombe kuongea na bibi wa binti, siyo babu. Akifika asianze na ya posa. Aamkie, akae jikoni, ale mlenda, asubiri aulizwe. Bibi anajua jina. Nakuhakikishia anajua. Inawezekana kabisa baba wa binti ni mtu mwingine anayejulikana, labda jirani mwenye familia yake, na kinachowachelewesha ni aibu ya kukutajia wewe mgeni. Hilo shangazi atalimaliza kwa jioni moja.

Ikishindikana, kuna vipimo vya vinasaba, yaani DNA. Vipimo vinafanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, lakini huendi dirishani kama unanunua vocha. Maombi yanapitia kwa wakili, ustawi wa jamii au mahakama. Wa kupimwa hapo ni baba yako na binti, kwa hiyo bado utahitaji ridhaa ya mzee. Ndiyo maana nimekwambia uanze na simu.

Na mchumba wako mwambie ukweli wote leo, kabla hajausikia kisimani. Kama mmeshaanza kuishi kama mke na mume, simameni kwanza. Ni ngumu, najua, ila mwezi mmoja wa kusubiri hauwezi kuua mapenzi ya kweli, na mkikuta mambo ni safi mtapokelewa Kongwa kwa ngoma ya muheme mpaka mchoke.

Jambo la mwisho. Watumishi wa zamani hawatupi makaratasi. Mwombe baba yako atafute barua ya uhamisho, ile yenye tarehe na muhuri. Kama inaonyesha alikuwa keshaondoka Kongwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya binti kuzaliwa, mpe shangazi nakala aende nayo kwa bibi. Hata kama bibi hajui kusoma, atamwita mtu amsomee tarehe, atahesabu kwa vidole, na posa yako itajibiwa wiki hiyohiyo.