Uliza Fundi: Inchi 50 za ofa au inchi 43 za jina?

*Shikamoo Fundi. Nina mashine ya gemu, PS4 Slim, na mwakani nataka kununua PS5. Naishi chumba kimoja hapa Kihonda, Morogoro. Kutoka kitandani hadi ukutani ni kama mita 2. Nimetenga shilingi 750,000. Kariakoo nimeonyeshwa TV mbili. Moja ni inchi 50, jina lake silijui, ina stika ya "4K HDR 120Hz Smart Android". Ilikuwa 1,100,000, sasa 700,000. Nyingine ni inchi 43 ya kampuni inayofahamika, modeli ya mwaka juzi, imeshuka kutoka 900,000 hadi 720,000. Kwenye gemu nacheza sana mpira, na usiku nazima taa naangalia muvi. Muuzaji ananisukuma nichukue kubwa.*
*Kijana wa Kihonda*

Marahaba mwanangu. Chukua ya inchi 43, ila usitoe hela kabla haijawashwa mbele yako.

Ile bei ya zamani iliyopigwa mstari achana nayo. Duka ndilo lililoiandika na duka ndilo lililoifuta. Cha kuuliza ni kwa nini TV inashushwa bei. Kama modeli mpya imeingia na wanataka nafasi stoo, hiyo ni ofa ya kweli, maana kwa TV za daraja hili ya mwaka juzi na ya mwaka huu mara nyingi ni ndugu wa tumbo moja. Kama ilitundikwa dukani kwa maonyesho, hapo tulia. TV ya maonyesho hushinda inawaka asubuhi hadi jioni, mwanga umepandishwa mpaka mwisho ili uvute wapita njia, na kinachochoka kwanza ni taa za LED zilizo nyuma ya kioo. Nyingi zinazofika kwenye meza yangu Buguruni zina ugonjwa huo: sauti ipo, picha hakuna. Ukimulika kioo kwa tochi ya simu unaiona picha kwa mbali, hafifu, imo mlemle. Kwa hiyo mwambie muuzaji akuwekee picha nyeupe tupu, halafu ya kijivu. Ukiona vidoa vya mviringo vinavyong'aa kuliko sehemu nyingine, vilenzi vya taa vimebanduka. Iache.

Sasa hizo stika. "120Hz" kwenye inchi 50 ya shilingi 700,000 siiamini hata kidogo. Paneli, yaani kioo chenyewe, ya 120Hz ya kweli hubadilisha picha mara 120 kwa sekunde, na hiyo ina gharama, ndiyo maana kampuni hubuni majina yao ya mwendo wa picha, wakaandika 120 au hata 200, na ndani mkiifungua mnakuta paneli ya 60Hz. Kwako hilo halina madhara. PS4 yako haivuki fremu (picha) 60 kwa sekunde, na PS5 inayoweza kutoa 120 kwa baadhi ya gemu, ikikuta TV ya 60Hz inashuka yenyewe bila ugomvi. Kinachoniudhi ni kijana kulipia namba ambayo haipo.

Na "4K" ina ujanja wake. Ziko TV zinazopokea video ya 4K, halafu zinaikamua iingie kwenye paneli ya pikseli (vidoti vya picha) 1920 kwa 1080, ile inayoitwa 1080p, au hata 1366 kwa 768. Tafuta kwenye karatasi ya vipimo namba 3840 x 2160 ikiwa ni ya paneli yenyewe, si ya video inayopokelewa. Ukiwa na rafiki mwenye laptopu aje nayo: ichomekeni kwa HDMI, chagueni 3840 x 2160, hakikisheni inakubali 60Hz na si 30, kisha fungueni ukurasa wenye maandishi madogo kabisa. Herufi zikiwa na ukungu, hapo hakuna 4K.

Ila nikwambie ambalo dukani hawakwambii. Kwa inchi 43 ukiwa mita 2, jicho la kawaida linahangaika kuona tofauti ya 1080p na 4K. Kioo cha inchi 43 kina upana wa sentimita 95 hivi. Gawanya kwa pikseli 1920, kila moja inakuwa kama nusu milimita, na ukishavuka mita 1.7 macho hayazitenganishi tena. PS4 Slim yenyewe inatoa 1080p tu. 4K ikija ndani ya bei, karibu. Kuiongezea hela, hapana.

Mchezaji wa mpira kama wewe anatakiwa kuogopa kuchelewa. Unabonyeza pasi, mchezaji wako anapiga baadaye. TV hupokea picha, huisafisha, huipaka rangi, huongeza ulaini, ndipo inaionyesha, na kazi hiyo inaweza kula milisekunde 100 au zaidi. Fremu moja ya 60Hz ni milisekunde 16.7, kwa hiyo 100 ni fremu sita, na beki ameshakunyang'anya mpira. TV yenye hali ya gemu, kwenye menyu imeandikwa "Game", huziruka hizo kazi, na zilizotengenezwa vizuri zinashuka chini ya milisekunde 20. Neno kwenye menyu pekee lisikuridhishe, kwa sababu kuna TV ambazo ukiliwasha hubadilika rangi tu. Beba PS4 yako hadi Kariakoo. Muuzaji akinuna, nenda duka la pili. Weka simu kwenye video ya mwendo wa polepole, rekodi pedi na kioo kwa pamoja, bonyeza kitufe, kisha tazama kidole kimegusa lini na mchezaji amejibu lini. Simu inayorekodi fremu 240 kwa sekunde inakupa picha moja kila milisekunde 4 hivi. Muda utakaohesabu una ule wa PS4 na pedi ndani yake, kwa hiyo usiusome peke yake: fanya kwa TV zote mbili, kwa gemu moja, na hali ya gemu ikiwa imewashwa, uone ipi inatangulia.

Muvi za gizani zinataka weusi uwe weusi. Paneli zipo za aina mbili kuu, VA na IPS. VA nyeupe yake huizidi nyeusi mara 3,000 au zaidi, IPS ni kama mara 1,000, ndiyo maana usiku kwenye IPS anga la giza linakuwa kama moshi. IPS faida yake ni kuangaliwa ukiwa pembeni. Wewe unalala mbele ya kioo, VA inakufaa. Kuitambua si kazi: simama pembeni kabisa, rangi zikififia huenda ni VA. Kisha omba picha nyeusi, weka viganja vyako kama kibanda kuzunguka macho uzuie taa za duka, uone nyeusi hiyo ikoje.

HDR, yaani picha yenye mwanga mkali zaidi na giza zaidi kwa pamoja, usiipe uzito. Muvi nyingi za HDR zimetayarishwa kwa mwanga wa niti (kipimo cha mwanga wa kioo) 1,000 au zaidi, na TV za bei yako mara nyingi hukaa kwenye 250 au 300. Inapokea ishara, nguvu ya kuionyesha haina, matokeo yake muvi inakuwa na giza kuliko ilivyokuwa bila HDR. Ukiona hivyo, izime kwenye PS4.

Ukifika nyumbani toa hali ya dukani uweke ya nyumbani. Picha iwe "Movie", si "Vivid". Zima kile kinacholainisha mwendo, maana muvi hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde, na TV ikijitungia fremu za katikati, filamu ya mamilioni ya dola inafanana na igizo la studio ya mtaani. Mwanga wa nyuma ushushe hadi nusu hivi. Macho yatapumzika, LUKU itapumzika, na zile taa za LED zitachelewa kuniletea wewe kama mteja.

*Fundi, nilinunua TV ya "Android" kwa punguzo. YouTube inafanya kazi vizuri ila Netflix picha ina ukungu kama ya simu ya zamani, na siku nyingine haifunguki kabisa. Duka wanasema tatizo ni bando langu.*
*Mama wa watatu, Tandika*

Pole dada yangu. YouTube ingekuwa inasuasua ningekubaliana nao. Kwa dalili hizi TV yako ina Android ya bure ambayo mtengenezaji ameichukua na kuipachika, bila kupitishwa na Google wala Netflix. Netflix hutoa picha safi kwa vifaa ilivyovithibitisha tu. Vingine huvipa picha ya chini, au huvifungia mlango. Fungua sehemu ya programu: kama hakuna Play Store ya TV, na Netflix ilikuja kama faili aliyokuwekea muuzaji kwa flashi, ndiyo hiyo.

Una risiti ya EFD? Kama boksi liliandikwa Netflix na haifanyi kazi, rudi nayo udai kubadilishiwa. Wakigoma, usinunue TV nyingine. Nunua kijiti au kisanduku kilichothibitishwa, chenye Google TV au Fire TV, uchomeke kwenye HDMI, na TV ibaki kuwa kioo tu. Na kama watoto wana PS4, Netflix imo humohumo.

Bando nalo liangalie. Netflix kwa saa moja inaweza kula hadi GB 1 kwa picha ya kawaida, GB 3 kwa HD, na GB 7 kwa 4K. Ingia kwenye akaunti yako upunguze hapo, la sivyo watoto watamaliza la wiki kwa Jumamosi moja.

*Shemeji yupo Marekani. Novemba kule kunakuwa na ofa kubwa, anataka kunitumia inchi 55. Nikubali?*
*Msomaji, Moshi*

Kabla hajalipa, akupigie picha ya kibandiko cha nyuma ya TV. Kama kimeandikwa 100–240V 50/60Hz, umeme wetu wa volti 230 hauna neno nayo. Kama ni 120V tu, siku ya kuichomeka ndiyo siku ya mazishi yake, mpaka ununue transfoma ya kushusha umeme. Antena yake haitashika vituo vyetu: kule wanarusha matangazo kwa mfumo wa ATSC, sisi kwa DVB-T2. Kwa king'amuzi kupitia HDMI utaangalia kila kitu. Waranti isahau. Na isafirishwe imesimama wima, kamwe isilazwe na kuwekewa mizigo juu, kwa kuwa kioo kikipasuka bei yake inakaribia ya TV mpya. Ukijumlisha nauli ya mzigo na ushuru, nina shaka kama ofa itabaki kuwa ofa.

*Kaka Fundi, nafungua kibanda cha gemu hapa Mwanza. Nimepata OLED ya mtumba inchi 55 kwa bei ya LED mpya. Picha yake ni moto wa kuotea mbali. Niichukue?*
*Mjasiriamali, Igoma*

Mdogo wangu, picha ni kweli haina mpinzani, kwa sababu kila pikseli ya OLED huwaka na kuzimika yenyewe, kwa hiyo nyeusi yake ni nyeusi ya usiku. Tatizo ni biashara yako. Pikseli zinazowaka sana huchakaa haraka kuliko jirani zao, na kibandani ubao wa matokeo utakaa kona ileile tangu unafungua mpaka unafunga. Baada ya muda utaachia kivuli kisichofutika, na wateja watauona hata kwenye gemu ya magari. Kwa kibanda nunua LED za kawaida za inchi 32 au 43, mbili badala ya moja, zenye hali ya gemu. Na kila moja iwe na kilinda umeme chake chenye kuchelewesha kuwasha, kwa ajili ya ule umeme unaorudi kwa kishindo.

Kama hiyo OLED bado inakuvuta kwa ajili ya sebuleni kwako, kaipime kwanza. Weka picha ya kijivu tupu, halafu nyekundu tupu, ujaze kioo kizima. Angalia kona za juu, ambako nembo za vituo na matokeo ya mpira hukaa. Ukiona hata kivuli chembamba cha herufi, usianze kuongea bei.