DMK si chama cha kikabila tu

Ndugu, umeuliza kama DMK (Dravida Munnetra Kazhagam), chama cha siasa cha Tamil Nadu, jimbo la kusini mwa India, ni chama cha kikabila tu. Hapana. Mzizi wake ni mapambano dhidi ya ubaguzi wa matabaka. Mwaka 1925 Periyar E. V. Ramasamy alianzisha harakati za kujiheshimu, akipinga ukuu wa Mabrahmini, tabaka la juu la makuhani wa Kihindu, na kutetea haki za wanawake. Mfuasi wake C. N. Annadurai alitofautiana naye, akaunda DMK mwaka 1949, kisha akaiingiza kwenye uchaguzi, jambo ambalo Periyar hakulitaka.

Mwanzoni DMK walidai nchi yao wenyewe, Dravida Nadu, yaani nchi ya Wadravida wa kusini mwa India. Dai hilo waliliacha mwaka 1963, wakabaki kudai majimbo yapewe madaraka zaidi. Kilichowapaisha hasa ni lugha. Mwaka 1965, Kihindi kilipokaribia kuwa lugha rasmi pekee ya India, wanafunzi wanaozungumza Kitamil walifurika barabarani na baadhi ya watu wakajichoma moto hadi kufa. Mwaka 1967 DMK ikakiangusha Congress, chama kilichokuwa kikitawala jimbo. Serikali ya Annadurai ikahalalisha ndoa zisizofungishwa na kuhani, na kwangu hilo ni kubwa kuliko hotuba zote.

Annadurai alifariki mwaka 1969, na Karunanidhi akashika nafasi yake. MGR (M. G. Ramachandran), mwigizaji aliyependwa mno, alifukuzwa DMK mwaka 1972 akaanzisha chama pinzani, AIADMK. Kinachonisikitisha ni uongozi kugeuka wa familia: M. K. Stalin, aliyeingia uwaziri mkuu wa jimbo mwaka 2021, ni mwana wa Karunanidhi.